Wagika, Wagalu na Friza la Selina

Luhaga hakuwa mwizi. Jambo hilo alishalieleza kwa utulivu mbele ya watu wa kila namna, wakiwemo wawili waliokuwa wamemshika mkanda wa suruali. Mwizi, alikuwa akisema, huchukua kitu ambacho mwenyewe hapendi kukitoa. Yeye hupokea tu. Na mtu akikuletea mali yake kwa mikono yake mwenyewe, na juu yake akakushukuru, kuikataa si utovu wa adabu?

Basi asubuhi moja, Igoma, Luhaga alisimama kwenye meza ya Winnie, muuza mitumba, akijaribu koti ambalo hakuwa na nia ya kulinunua. Winnie alikuwa amefungua belo jipya la makoti ya baridi, yale ambayo Mwanza huvaliwa na walinzi na wagonjwa wa malaria. Katikati ya makoti likadondoka boksi. Winnie akalifunua, akaona karata, akalisukuma kando.

"Karata gani hizi? Hazina kopa, hazina shupaza. Chukua ukawashie jiko."

Luhaga akazikagua. Zilikuwa mafungu manane, kila fungu karata ishirini, kila fungu na rangi yake na picha zake za ajabu ajabu. Chini ya boksi kililala kijitabu cha sheria, kimeandikwa kwa lugha yenye herufi za mikia na vidoti, kama zimedonolewa na dagaa. Winnie hakuijua. Fundi simu wa jirani, aliyesoma mpaka Kampala, hakuijua. Akakipiga picha kijitabu ili simu imtafsirie, simu ikatafakari, ikasema: "Kuku wa furaha achanganywe na jirani." Fundi akarudisha simu mfukoni.

Hapo moyo wa Luhaga ulitulia. Mchezo usio na sheria hauna faida kwa mtu. Lakini mchezo wenye sheria ambazo hakuna awezaye kuzisoma ni shamba lisilo na hati, na mwenye shamba ni yule wa kwanza kusema kwamba yeye anazisoma.

"Ni lugha gani hii?" Winnie aliuliza.

"Kirusi cha zamani. Nilikifanyia kozi."

"Kozi wapi, wewe?"

"Kwa masafa," alisema Luhaga, akavua koti, akaondoka na boksi.

Wiki hiyohiyo akafungua darasa nyuma ya karakana ya Yeremia, fundi wa mageti, palipokuwa na kivuli cha bati na viti vya plastiki. Mchezo aliusuka mwenyewe kwa kutazama picha za kijitabu, na lazima tumpe haki yake, aliusuka vizuri. Kila mchezaji huchagua kambi mbili kati ya nane, akazichanga pamoja zikawa fungu moja. Utamu wote uko kwenye kuchanganya. Mamba peke yao ni mamba tu. Wachanganye na Wachawi, umepata mamba wanaopotea na kuibuka nyuma yako. Katikati ya meza kuna viwanja vitatu. Unashusha watu wako kiwanjani, mwenzako anashusha wake, kiwanja kikijaa, mwenye nguvu nyingi pale anachukua pointi. Wa kwanza kufika kumi na tano ndiye mshindi.

Kambi alizibatiza upya. Vibwengo wa kijani, wenye midomo wazi, wakawa Wapiga Debe. Roboti wakawa Matrafiki. Wadudu wakabaki Nyuki. Lakini busara yake kubwa ilikuwa kwenye kambi ya njano na kambi ya bluu, watu waliovaa ngozi na manyoya, wengine wameshika ngoma, wengine nyoka. Hao akawaita Wagika na Wagalu.

Darasa likafurika. Usukumani hakuna asiyevijua vyama hivyo viwili vya ngoma. Vimeshindana tangu enzi za mababu, siku moja, uwanja mmoja, pande mbili, na aliyezaliwa upande huu hahamii ule hata kwa ng'ombe.

Siku ya tatu akaja Mzee Ngosha, mcheza ngoma mstaafu, Mgalu wa kuzaliwa, na fimbo yake ya mpingo. Alikaa mbele, akatazama karata moja baada ya nyingine kama mtu anayekagua mahari.

"Kijana," alisema. "Unasema mtu achanganye kambi mbili."

"Ndiyo, babu."

"Anaweza kuchukua Wagika na Wagalu, akawachanga pamoja?"

Luhaga akamtazama mzee, akaitazama na fimbo. "Haiwezekani, babu. Kitabu kimekataza. Ukurasa wa tisa."

Mzee Ngosha akaegemea kiti. "Hao Warusi ni watu wenye akili," alisema, na darasa zima likaitikia kwa vichwa.

Kumbe Luhaga alikuwa ameshajaribu mchanganyiko huo chumbani kwake. Wagika hujaza kiwanja kwa watu. Wagalu huwafagia watu wa mwenzako. Ukiwa na wote wawili, mpinzani wako amebaki mtazamaji. Hivyo katazo lile la fimbo lilimfaa sana. Wanafunzi wote watauamini ukurasa wa tisa, naye atauamini mpaka siku atakayoona inafaa kutouamini.

Siku hiyo ilianza kunukia alipokuja Mama Taramati.

Mama Taramati alikuwa mjane wa Kihindi mwenye duka la vitenge Igogo, umri wake ukikaribia sabini, miwani ikining'inia kwenye mnyororo. Dukani kwake, nyuma ya majora, ilikaa injini ya boti ya marehemu mume wake, nguvu farasi kumi na tano, mpya, haijawahi kugusa maji. Wavuvi walikuwa wakiitaja injini ile kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kutaja paradiso.

"Shikamoo mama," alisema Luhaga, akimpangusia kiti.

"Marahaba. Nataka kujifunza. Lakini mimi mzito, mwanangu. Utanivumilia?"

"Wazito ndio wanafunzi wangu ninaowapenda."

Hilo lilikuwa neno la kweli kabisa.

Mama Taramati alikuja na daftari. Kila sheria Luhaga aliyoitamka aliiandika, akaisoma kwa sauti, akaomba aisaini. "Nasahau, mwanangu. Weka L hapo, nijue umesema wewe." Luhaga akaweka L. Alicheza polepole mpaka chai ikapoa, na kila mara alichagua Nyuki. Ulipomuuliza kwa nini, alisema, "Kwa sababu wanafanya kazi." Alishindwa mara kumi na moja mfululizo. Mara ya kumi na mbili Luhaga akamwachia ashinde, na ya kumi na tatu pia, akaona macho yake yanavyong'aa nyuma ya miwani, akajua ugali umeiva.

"Mama, kwa kiwango hiki sasa unaogopesha," alimwambia. "Mtu kama wewe anatakiwa kucheza kwa dau."

"Mimi dau langu nini? Vitenge?"

"Kile chuma kinachokula nafasi dukani."

Mama Taramati akafikiri. "Na wewe?"

"Friza."

"Ni lako?"

"La familia," alisema Luhaga.

Familia yenyewe ilikuwa dada yake, Selina, muuza samaki wa Igogo, mwanamke asiye na mume, asiye na mchezo, na mwenye friza moja tu duniani. Friza lile ndilo lililokuwa likimlisha Selina, na likimlisha Luhaga pia, ingawa upande huo Luhaga hakupenda kuutazama kwa karibu. Samaki wa ziwani hasubiri mtu. Bila friza, Selina angekuwa anauza harufu. Lakini Luhaga hakuwa na mpango wa kushindwa, na mtu asiye na mpango wa kushindwa hawezi kusemwa kwamba ameweka rehani friza la dada yake. Ameliazima tu kwa ajili ya maonyesho.

Mama Taramati akataka kuliona. Luhaga akachagua saa ambayo Selina yuko sokoni, akalifunika kitenge, maana kwenye mfuniko Selina alikuwa amepaka kwa rangi nyekundu: SELINA SAMAKI, na namba ya simu chini yake. Mama Taramati akalizunguka friza, akagonga ubavu. Kisha akashika pindo la kitenge, akakisugua kwa vidole viwili, akalifunua kidogo, akatazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

"Kitenge hiki kinachuja," alisema, akakirudisha. "Haya. Jumamosi."

"Jumamosi, mama."

"Swali moja, nisije nikasahau." Daftari likafunguka. "Tukibishana kuhusu sheria, nani anaamua?"

Luhaga alikuwa akiingoja nafasi hiyo. Lazima kutakuwa na ubishi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye atakayeuleta. "Tutaamua kwa desturi ya ngoma," alisema. "Wagika na Wagalu wakishindana hakuna jaji wa kuandika maksi. Aliyevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Mzee Ngosha atahesabu."

"Mwenye watu wengi nyuma yake," alirudia Mama Taramati akiandika. "Weka L."

Luhaga akaiweka kwa furaha. Tangu asubuhi alikuwa ameshaongea na Chenge, mkuu wa wapiga debe wa stendi ya Igoma, wapiga debe wa kweli hawa, wa jasho na sauti. Jumamosi watu thelathini wangesimama nyuma yake kwa malipo ya pilau na soda. Ungeweza kumlaumu mtu aliyejiandaa hivyo?

Jumamosi alfajiri Selina aliondoka kwenda ng'ambo ya Busisi kufuata samaki. Zamani, enzi za kivuko, safari hiyo ilikuwa ya kutwa nzima. Ulipanga foleni Kigongo, ukanunua mahindi ya kuchoma, ukazoeana na watu, wengine walipata wachumba. Luhaga aliyapanga mambo yake kwa saa ya kivuko. Daraja jipya lililochukua nafasi ya kivuko alilijua, alishapiga nalo picha, lakini kulijua daraja ni jambo moja na kuliingiza kwenye hesabu ni jambo jingine.

Saa mbili asubuhi friza likapanda guta la magurudumu matatu la Shimba, mbeba mizigo, likashushwa karakana kwa Yeremia. Luhaga akaweka utaratibu: kila mtu aketi mbele ya mali anayoitafuta. Injini ya boti ikae nyuma yake, juu ya guta palepale, Shimba akiwa tayari kwa safari. Friza likae nyuma ya Mama Taramati.

"Lichomekwe kwenye umeme," alisema Mama Taramati. "Siwezi kushindania kabati."

Yeremia akavuta waya, friza likaanza kuunguruma. Mama Taramati akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaketi, akalipigapiga daftari lake mgongoni kama mtoto.

Uwanja ulikuwa umejaa. Chenge na watu wake walisimama nyuma ya Luhaga, wamechomekea mashati. Mzee Ngosha akachora mstari chini kwa fimbo yake, kutoka ukuta hadi ukuta, meza ikiwa katikati.

"Chagueni," alisema.

"Wagika," alisema Luhaga.

"Nyuki," alisema Mama Taramati. "Na Wapiga Debe."

Watu wa Chenge wakampigia makofi kidogo, wakakumbuka pilau, wakaacha.

"Na Wagalu," alisema Luhaga.

Mashine ya kuchomelea ya Yeremia ilizimwa. Mzee Ngosha akainuka taratibu, kiungo kimoja baada ya kingine.

"Rudia."

"Babu, tusikasirike. Ile nilikuwa nafundisha watoto wa chekechea. Hii ni fainali." Luhaga akachomoa kijitabu mfukoni, akakiinua juu. "Kitabu hakikatazi. Anayesema kinakataza, aje asome."

Hakuna aliyekwenda kusoma. Mama Taramati akavaa miwani, akafunua daftari.

"Ukurasa wa nne. 'Wagika na Wagalu hawachanganywi.' L."

"Basi tunabishana, mama. Na tukibishana daftari lako linasemaje?"

"Mwenye watu wengi nyuma yake." Akatazama juu, jua lilipofika. "Lakini kwanza tucheze, mwanangu. Watu wameacha kazi zao. Ubishi tutauweka mwisho."

Luhaga akaona huruma. Mtu anaomba achinjwe mara mbili.

Wakacheza. Au tuseme, Luhaga alicheza na Mama Taramati akasoma. Kabla ya kushusha kila karata alilifungua daftari, akafuata mstari kwa kidole, akauliza jambo alilouliza jana, akapangusa miwani. Wagika wakajaza viwanja, Wagalu wakafagia Nyuki kama moshi. Saa tano, Luhaga ana pointi kumi. Saa tano na nusu, kumi na mbili. Mama Taramati alikuwa na tatu, na aliomba maji.

"Mama, unacheza au unaswali?" Chenge aliuliza.

"Vyote viwili, mwanangu. Subiri."

Saa sita kasoro Luhaga akatimiza kumi na tano, akaegemea kiti. Mzee Ngosha alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mfupa. Akaagiza soda.

"Upande mmoja umeshinda kwa karata," alisema. "Upande wa pili unasema karata zile ni haramu. Nitakunywa soda hii. Ikiisha nitahesabu watu. Mwenye watu wengi ndiye mwenye haki na mali zote mbili. Mnakubali?"

"Nakubali," alisema Luhaga, akigeuka kuitazama injini.

"Nakubali," alisema Mama Taramati.

Nyuma ya Luhaga walisimama watu thelathini na kitu. Nyuma ya Mama Taramati alisimama Winnie, aliyekuja kuona karata zake, na friza.

Mzee akapiga funda la kwanza. Ndipo honi ikalia.

Guta jingine liliingia kwa nyuma, upande wa Mama Taramati, limebeba matenga yaliyofunikwa majani. Juu ya matenga aliketi Selina. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtoa Luhaga jasho. Alishuka, akamsalimia Mzee Ngosha kwa kupiga goti, akaenda kwenye friza lake, akavua kile kitenge, akakikunja, akamkabidhi Mama Taramati.

"Asante kwa kulichomeka, mama. Lingekuwa la moto."

"Daraja lilikuwaje?"

"Dakika chache tu, mama. Hata usingizi hujaushika."

Kisha Selina akafunua matenga. Sato walikuwa bado wanapumua. Wengine aliwatupia ndani ya friza, wengine akawapanga juu ya mfuniko, wanene, magamba yakimeta, akaita kwa ile sauti ambayo Igogo nzima huifahamu: "Sato wa leo. Bei ya ng'ambo. Anayesimama upande huu wa mstari ndiye ninayemhudumia."

Mafundi wa Yeremia ndio waliotangulia. Wakafuata wanafunzi wa darasa, kisha akina mama wa genge la jirani na mabeseni. Mama Taramati, ambaye tangu azaliwe hajala samaki wala nyama, alijiziba pua kwa pindo la sari yake na kubaki ameketi kishujaa.

"Chenge," alisema Luhaga kwa sauti ya chini. "Simameni hapa."

"Tumesimama, kaka."

"Pilau ipo."

"Iko wapi?"

"Inakuja."

Chenge akawatazama sato. Sato walikuwa wameshakuja. "Mimi naenda kuuliza bei tu," alisema, na watu thelathini wakaenda kumsaidia kuuliza.

Shimba alikuwa wa mwisho kuvuka. Aliomba radhi kwanza. Ni mtu mwenye malezi.

Mzee Ngosha akamaliza soda, akaigeuza chupa chini juu kuonyesha haki imetendeka. Akahesabu upande wa Mama Taramati mpaka akachoka. Upande wa Luhaga akahesabu injini ya boti.

"Injini si mtu," alisema. "Mama ameshinda."

Luhaga alimtazama dada yake, kisha mama wa vitenge. "Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi, mama aliponipigia simu," alisema Selina. "Namba yangu iko kwenye mfuniko. Niliiandika kubwa ili wateja waione."

"Miaka arobaini nauza vitenge, mwanangu," alisema Mama Taramati, akilifunga daftari. "Mtu hafuniki kitu kizuri kwa kitenge kibaya kama hana la kuficha."

Friza alimrudishia Selina, kama walivyoafikiana. Injini ikarudi nyuma ya majora. Kufidia usumbufu akachukua boksi la karata, lote, kambi nane. Luhaga akamnyooshea na kijitabu, kwa uchungu.

"Hicho baki nacho," alisema. "Mimi nina daftari."

Siku hizi darasa liko Igogo, dukani, na limejaa. Kwenye ubao wa mlangoni sheria zimeandikwa kwa chaki, ya kwanza ikiwa kwamba Wagika na Wagalu hawachanganywi. Mzee Ngosha ana kiti chake. Upande wa pili wa barabara, kwenye banda la samaki, yupo Luhaga na kisu cha magamba. Selina hakumpigia kelele hata siku moja. Alimpa tu aproni.

Ijumaa iliyopita alikuja padre mmoja mzee, Mzungu, aliyekaa kanda hii miaka mingi mpaka Kisukuma chake kinakishinda cha Luhaga. Akachagua sato wawili. Magazeti yalikuwa yamekwisha, basi Luhaga akachana kurasa za kile kijitabu, akafunga samaki. Padre akapokea, akapiga hatua tatu, akasimama.

"Hii umeitoa wapi?"

"Takataka tu, padre. Kirusi cha zamani."

"Kirusi?" Padre alionekana kuumia kidogo. "Hiki ni Kipolandi, kijana. Lugha ya mama yangu." Akaisogeza karatasi machoni. "Ni sheria za mchezo. Ukurasa wa tisa. 'Mchezaji atachagua kambi mbili azipendazo,'" akafuta damu ya samaki kwa kidole, "'isipokuwa ya njano na ya bluu. Hizo mbili hazichanganywi kamwe. Atakayezichanganya ameshindwa kabla ya kuanza.'"

Akamtakia siku njema, akaenda zake na sato.

Luhaga alibaki ameshika kisu. Miaka thelathini na minne duniani, alikuwa amesema ukweli mara moja tu, mpaka na namba ya ukurasa, na watu wote waliusadiki isipokuwa yeye.

"Luhaga," Selina aliita bila kugeuka. "Magamba."

Akaendelea na magamba.